Mshono Chini ya Pua

Chini ya pua ya binadamu, juu ya ukingo wa mdomo, kuna kifereji kifupi kinachoenea ncha ya kidole kimoja. Mtoto mwenye mafua hukifuta kwa mgongo wa mkono, kinyozi hukiendea kwa tahadhari, jasho la mchana hutua hapo kabla ya kufika mdomoni. Ni alama ndogo, na kwa kuwa kila mtu anayo, ni nadra kusikia ikiulizwa imetoka wapi. Imetoka kwenye kuungana. Uso haukumiminwa katika kalibu moja kama tofali. Ulikuja vipande vipande, kila kipande kikitoka upande wake, vikakutana hapo katikati vikashikana. Mafundi wa Lamu waliijua kazi ya namna hiyo. Mtepe wao, chombo kilichokwenda baharini bila msumari, ulikuwa mbao zilizoshonwa kwa kamba za usumba. Aliyeuona kwa mbali aliona chombo kimoja. Aliyesogea karibu aliona mishono. Uso nao ni mtepe, ila kamba zake zimeyeyuka baada ya mbao kushikana, na kilichobaki kwa nje ni kifereji hiki na kuta zake mbili ndogo. Pua inayokaa juu yake ndiyo iliyoshonwa kwa taabu zaidi, kwa sababu vifaa vyake ni vya zamani mno na vilianza maisha kwa kazi nyingine.

Vitu viwili vilivyokaribiana sana husemwa kuwa ni pua na mdomo. Msemo huo ni wa kweli kwa mtu wa leo, lakini kwa sehemu kubwa ya historia ya wanyama wenye uti wa mgongo pua na mdomo vilikuwa majirani wasiotembeleana. Chewa aliyelazwa juu ya meza ya mnada pale Feri, Dar es Salaam, ana matundu manne ya pua, mawili kila upande. Maji huingia tundu la mbele, hupita juu ya ngozi laini inayotambua harufu, kisha hutoka tundu la nyuma. Kooni hayafiki. Chewa hapumui kwa pua, hunusa tu; kupumua ni kazi ya matamvua. (Sato na perege wana tundu moja tu kila upande, maji yakiingilia na kutokea mlango uleule, hata samaki hawakukubaliana juu ya ramani ya nyumba hii.) Silikanti, yule samaki wa kale anayenaswa mara mojamoja katika kina cha bahari ya Tanga, ambako hifadhi ilianzishwa kwa ajili yake mwaka 2009, naye matundu yake yote yako nje. Harufu, kwa hiyo, ilitangulia pumzi. Pua ilikuwa chombo cha habari muda mrefu kabla ya kuwa njia ya hewa.

Tundu la nyuma liliingiaje ndani ya kinywa? Kwa miaka mingi wataalamu waligawanyika juu ya swali hilo, na waliokataa kwamba lilihamia ndani walikuwa na hoja nzito: kati ya nje na ndani ya kinywa kuna safu ya meno, na tundu haliwezi kuruka meno. Mwaka 2004 Zhu Min wa China na Per Ahlberg wa Sweden walieleza upya fuvu la samaki mdogo aitwaye Kenichthys, aliyeishi miaka milioni 395 iliyopita mahali ambapo leo ni Yunnan, kusini mwa China. Tundu lake la nyuma halikukaa juu ya shavu kama la chewa, wala halikufika ndani ya kinywa kama la binadamu. Lilikuwa njiani: ukingoni mwa taya la juu, katikati ya safu ya meno, mahali ambapo mifupa miwili ya taya ingepaswa kukutana. Ni msafiri aliyekutwa mguu mmoja ndani na mmoja nje ya kizingiti. Meno hayakurukwa. Taya lenyewe liliachana, tundu likapita, taya likaungana tena. Pengo hilo ni la kukumbukwa, kwa sababu litaonekana tena mahali ambapo halikutarajiwa.

Kupata mlango si kujua kuutumia. Kamongo wa Ziwa Victoria yumo katika ukoo wa samaki ulio jirani zaidi na wanyama wa nchi kavu. Ana mapafu, ana matundu yanayofungukia ndani ya kinywa, na bado anapotaka hewa hupanda juu ya maji akaimeza kwa mdomo. Mlango upo, mwenye nyumba anapita dirishani. Wanyama wa miguu minne ndio waliojifunza kuvuta pumzi kupitia pale, na papo hapo wakapata tatizo jipya, kwa kuwa hewa na chakula sasa vilitumia chumba kimoja. Starehe ikigeuka balaa husemwa imemtokea mtu puani, na yeyote ambaye chai imewahi kumpalia anajua kwamba msemo huo haukuanza kama fumbo. Dawa yake ilikuwa dari: kaakaa, linalogawa kinywa orofa mbili, hewa juu na chakula chini. Mamba analo, ndiyo maana huweza kulala majini, kinywa kimefurika, na puani anapumua. Katika ukoo uliowazaa mamalia, kaakaa la mfupa linaonekana likijengeka hatua kwa hatua kwa sainodonti, wanyama ambao masalia yao yamechimbwa pia katika bonde la Ruhuhu, kusini mwa Tanzania. Bila dari hiyo hakuna kutafuna kwa utulivu, na hakuna kunyonya, maana anayenyonya lazima afunge mdomo na aendelee kupumua. Titi la mama lilihitaji kwanza pua yenye sakafu.

Miongoni mwa mamalia, nyani, kima na komba waligawanywa na wanasayansi kwa pua zao. Mwaka 1812 Mfaransa Étienne Geoffroy Saint-Hilaire aliwapanga kwa namna matundu yalivyokaa: wenye matundu yaliyojikunja, wenye pua bapa ambao ni kima wa Amerika, na wenye matundu yanayotazama chini, kundi la mbega, tumbiri, nyani, sokwe na binadamu. Komba anayelia usiku kwenye minazi ya Pwani yumo katika kundi la kwanza, na pua yake inastahili kuangaliwa. Ni mbichi, kama ya mbwa. Kati yake na mdomo kuna ufa mwembamba wenye unyevu, na mdomo wa juu umeshikwa kwenye ufizi. Unyevu huo ni sehemu ya kunusa: chembe za harufu hunata juu yake, na njia ile nyembamba huunganisha pua na kinywa. Kwa jamaa wa nyani pua ilikauka, ufa ukazibwa, mdomo wa juu ukaachiwa huru. Walichopoteza katika kunusa walikipata katika kucheka, kununa, kupiga mluzi na kubusu. Kifereji cha binadamu ni mkondo uliokauka. Kina umbo la njia ya maji na hakina maji.

Hasara yenyewe inaweza kuhesabiwa. Linda Buck na Richard Axel, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 2004, walionesha mwaka 1991 kwamba harufu hutambuliwa kwa familia kubwa ya jeni. Binadamu ana takribani 400 zinazofanya kazi, na nyingine nyingi zimo ndani ya seli zake zikiwa zimeharibika, kama funguo za nyumba iliyobomolewa ambazo hakuna aliyezitupa. Tembo wa Afrika ana karibu 2,000. Mkonga wake ni pua na mdomo wa juu vilivyoungana vikawa kiungo kimoja, kwa hiyo kwake msemo wa pua na mdomo si mfano tena. Hata hivyo ni kosa kumhesabu binadamu kuwa kiziwi wa harufu. Moshi wa udi, karafuu iliyoanikwa barazani, udongo uliopata mvua ya kwanza: vitu hivi humrudisha mtu utotoni upesi kuliko picha, na sababu ni fupi. Neva za kunusa zinakwenda moja kwa moja ubongoni, karibu kabisa na sehemu za hisia na kumbukumbu.

Pua iliyochomoza mbele ni jambo la juzi. Fuvu la Zinj, jamaa wa kale wa binadamu, ambalo mwanaakiolojia Mary Leakey aliliona Olduvai tarehe 17 Julai 1959, lina umri wa karibu miaka milioni 1.75, na uso wake ni kama sinia: mashavu yametangulia mbele, tundu la pua limezama katikati, halina kingo zilizoinuka. Lakini gegedu linalojenga ncha ya pua halibaki ardhini. Hakuna fuvu lenye pua. Kuna shimo na kingo zake tu, na wataalamu husoma kingo kama mtu anayekisia mlango kutokana na fremu. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu aliona karibu na mto Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, kipande cha fuvu la kijana wa jamii ya Homo erectus, aliyeishi miaka karibu milioni 1.5 iliyopita. Katika jamii hiyo fremu imebadilika: mifupa ya juu ya pua imeinuka na kutoka nje. Robert Franciscus na Erik Trinkaus walitoa mwaka 1988 maelezo ambayo bado yana nguvu. Watu hao walitembea mbali, juani, katika nchi iliyokauka. Pua ndefu yenye pembe huizungusha hewa, na mikunjo ya mifupa iliyomo ndani, yenye ngozi iliyojaa damu na ute, huipasha joto na kuilowanisha kabla haijafika mapafuni, kisha hurudisha sehemu ya unyevu pumzi inapotoka. Lita zipatazo 10,000 za hewa hupita hapo kila siku. Pua ikawa mtungi.

Watu walipotawanyika duniani, mtungi huo uliendelea kufinyangwa na hali ya hewa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliolinganisha watu wenye asili ya Afrika Magharibi, Asia Kusini, Asia Mashariki na Ulaya Kaskazini, ulionesha kwamba upana wa matundu unafuatana na joto na unyevu wa mahali mababu walikoishi: nchi ya joto na unyevu, matundu mapana, nchi ya baridi na ukavu, matundu membamba. Hayo tu. Hakuna akili ndani yake, hakuna utukufu, hakuna haki ya kutawala. Karne ya 19 haikuridhika na maelezo madogo kiasi hicho. Ilitunga kipimo cha pua, upana kugawanywa kwa urefu, na kukigeuza ngazi ya watu. Herbert Risley, ofisa wa Uingereza, alikitumia India kupanga matabaka. Nchini Rwanda Wabelgiji walipima pua kwa vyuma, wakitafuta kwa Mtutsi na Mhutu tofauti waliyokwisha kuiamini kabla ya kupima, na katika miaka ya 1930 vitambulisho vikaanza kuandikwa kabila. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, kwenye vizuizi vya barabarani, neno lililoandikwa kwenye kadi hizo liliamua nani apite na nani afe. Na asiye na kadi aliangaliwa uso. Kiungo kilichotengenezwa na ukungu na vumbi kilibebeshwa mzigo ambao hakuna kiungo kingeweza kuubeba.

Katika wiki ya 4 tangu mimba kutungwa, vyuma vile vya kupimia pua vingekosa cha kupima. Kiinitete kina urefu wa milimita 4 au 5, sawa na mchele uliokatika, na uso haupo. Kuna kichwa kilichoinamia kifua, na shimo la kinywa lililozungukwa na vivimbe vitano: kimoja cha paji, viwili vya taya la juu, viwili vya taya la chini. Vimejaa seli zilizohama kutoka mgongoni, pale ubongo unapojikunja kuwa mrija. Mwishoni mwa wiki hiyo ngozi hunenepa mahali pawili pembeni mwa kivimbe cha paji, viraka viwili vya mviringo. Viraka hivyo ndivyo pua, na kama ilivyokuwa kwa samaki, kinachotangulia ni ngozi ya kunusia; njia ya hewa bado. Wiki ya 5 viraka vinazama vikawa vishimo, na ukingo wa kila kishimo unainuka kama hilali, wenye mkono wa ndani na mkono wa nje. Matundu yako mbali, moja huku, moja kule, na macho yako pembeni zaidi. Kisha vivimbe vya taya la juu hukua kuelekea katikati, na uso wote unakaza kama mfuko unaovutwa kamba. Mikono miwili ya ndani hukutana ikawa ncha ya pua, ukuta wa kati, kifereji, na kipande cha taya kitakachobeba meno manne ya mbele. Mikono ya nje huwa mabawa ya pua. Mpakani mwa mkono wa nje na taya hubaki mfereji unaofunikwa na kuwa njia ya machozi, ndiyo sababu aliaye hupenga kamasi.

Kati ya wiki ya 6 na ya 7 mkono wa ndani na kivimbe cha taya hugusana na kushonwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, husema wahenga. Hapa ukuta ndio unaojengwa kwanza, na ufa ni ukuta uliochelewa. Mshono usiposhika, mtoto huzaliwa na mdomo sungura. Duniani, takribani mtoto 1 kati ya 700 huzaliwa na ufa wa mdomo, wa kaakaa au wa vyote viwili, na wa mdomo huonekana zaidi upande wa kushoto. Mahali pa ufa huo ndipo palipokuwa na tundu la Kenichthys, kati ya mifupa ileile miwili. Mama wa mtoto kama huyo mara nyingi hulaumiwa kwa alichokula au alichokitazama akiwa mjamzito. Lawama hiyo haina msingi. Urithi na mazingira huchanganyika, na mara nyingi hakuna sababu moja inayoweza kuoneshwa kwa kidole. Daktari wa upasuaji hushona kile ambacho wiki ya 7 haikukimaliza, kwa kawaida mtoto akiwa na miezi 3 hadi 6.

Nyuma ya vishimo, utando mwembamba unatenganisha pua na kinywa. Karibu na wiki ya 7 unapasuka, na kwa muda kiinitete kina nyumba ya kamongo, chumba kimoja kisicho na dari. Mbao mbili za kaakaa wakati huo zinaning'inia wima, pande zote mbili za ulimi. Katika wiki ya 8 ulimi unashuka, mbao zinainuka na kulala, zinakutana katikati na kuungana na ukuta unaoshuka kutoka juu. Kazi inakamilika kati ya wiki ya 10 na ya 12. Kwa watoto wa kike huchelewa kwa takribani wiki moja, na hiyo hutajwa kuwa sababu ya ufa wa kaakaa peke yake kuonekana kwao zaidi.

Safari nyingine hufanyika kimya zaidi. Kutoka kwenye kiraka cha pua, seli maelfu machache hushika njia ya neva na kupanda hadi ndani ya ubongo, ambako miaka mingi baadaye zitatoa homoni inayoamuru balehe ianze. Asili yao puani iliwekwa wazi mwaka 1989. Kabla ya hapo madaktari walikuwa wameona kitendawili bila jibu: mwaka 1944 Franz Kallmann alieleza familia ambamo watu wasiosikia harufu walikuwa pia hawabalehi. Kwa watu hao, seli hizo zilikwama njiani. Anayedhani pua ni mapambo ya uso tu, mahali pa kutogea kipini, angefikiria kwamba ndevu na hedhi zilianzia humo.

Matundu, yakishafika mahali pake, huzibwa kwa seli kama mlango wa duka lisilofunguliwa, na hukaa hivyo hadi katikati ya ujauzito. Pua ya kunusa imekamilika kabla ya kuwapo hewa ya kunusa. Mtoto anapozaliwa, mwanzi wake ni mfupi na bapa kwa kila taifa la watu. Urefu na umbo la ukoo huja polepole, hasa wakati wa balehe. Ila kazi yake haisubiri. Katika miezi ya mwanzo mtoto hutegemea sana pua kupumua, na kwa wachache ambao ule utando wa nyuma haukupasuka pande zote mbili, dalili hujulikana na wakunga: akinyonya hubadilika rangi kwa kukosa hewa, akilia hewa humrudia.

Kifereji ni upande wa nje wa mshono. Upande wa ndani nao upo, na hauhitaji kioo. Mtu akipeleka ncha ya ulimi nyuma tu ya meno mawili ya mbele ya juu, atakuta kinundu kidogo laini kwenye ufizi. Ndipo zile mbao mbili za kaakaa zilipokutana na kipande cha taya kinachobeba meno manne ya mbele, na chini ya kinundu hicho mfupa una tundu hadi leo.